Namna ya kumlinda mwanafunzi, kuanzia geti la shule hadi mlango wa kwao

Ilikuwa mwezi wa pili, mvua zimekolea. Msichana wa kidato cha pili alinifuata nikiwa chini ya mwembe nasahihisha madaftari. "Shikamoo madam." Nikamwitikia, nikamuuliza anataka nini. Akasema, "Madam, ile njia ya mabani siipendi." Nikamjibu bila kuinua macho: "Pita na wenzako." Akasema haya, akaondoka. Wiki tatu baadaye alianza kukosa vema kwenye rejista, na Pasaka ilipofika alikuwa ameshaacha shule. Kilichokuwa kinamsubiri kwenye ile njia nilikuja kukijua nikiwa nimechelewa mno.

Mimi ni mwalimu wa malezi katika shule ya sekondari ya kata, mkoani Tabora, Tanzania, upande wa wakulima wa tumbaku, ambao huikausha kwenye mabanda yaitwayo mabani. Mwongozo huu nawaandikia walimu wenzangu, wajumbe wa bodi na kamati za shule, na wazazi ambao watoto wao huenda shule kwa miguu. Mengi yaliyomo tumeyafanya, na machache tumejuta kwa kutoyafanya mapema. Ukisahau mengine yote, shika hili: mtoto mwenye shida hutanguliza neno dogo, kama mtu anavyopima kina cha mto kwa fimbo kabla ya kuvuka. Ukilipokea neno hilo, atakuletea na lililobaki. Ukilipuuza, hatarudi kwako.

Hatua ya kwanza: chora ramani, na kalamu waishike wanafunzi

Vikao vingi vya usalama wa shule huanza na uzio na mlinzi. Fedha haipo, kikao kinafungwa, mwaka unapita. Anza na karatasi ya manila.

Wagawe wanafunzi: wasichana peke yao, wavulana peke yao, kidato cha kwanza mbali na kidato cha nne. Hili la mwisho walimu hulisahau, ilhali kwa mtoto mdogo wakubwa wa shule ndio hofu yenyewe. Waambie wachore shule yote na kila kinachoizunguka hadi vitongoji vyao: vyoo, stoo, nyumba za walimu, kisima, mashine ya kusaga, kijiwe cha bodaboda, vilabu vya pombe, mabani ya tumbaku, vyumba walivyopanga wenzao.

Ramani ikishakamilika, mpe kila mmoja punje tatu za mahindi. Wapite mmoja mmoja, kila mtu aweke punje mahali anapopaogopa, nawe mwalimu uwe umegeuka unatazama ukutani. Usiulize ni nani wala kimetokea nini. Swali hilo likiulizwa mbele ya watu, punje zote zitawekwa mahali pasipo na maana. Mwishoni waulize jambo moja tu kwa kila rundo: ni saa ngapi?

Sisi walimu tulidhani rundo kubwa litakuwa njiani. Njiani punje zilikuwepo, lakini wasichana waliweka nyingi zaidi nyuma ya vyoo, saa za jioni wakati wa usafi, na nyingine kwenye kijia kinachokwenda nyumba za walimu, wanakotumwa kuchota maji. Wavulana walirundika zao nyuma ya goli la upande wa kaskazini, ambako wakubwa huwanyang'anya wadogo hela na kuwapiga. Miaka yote tulikuwa tukisema wavulana hawana shida.

Chora ramani hii mara mbili kwa mwaka, Januari na Julai. Huku kwetu Agosti mtu anaonekana toka mbali, majani yameungua, uwanda mtupu. Februari mahindi yamempita mtu mzima kichwa, na njia ileile imegeuka handaki.

Hatua ya pili: tengeneza kinachowezekana wiki hiyohiyo

Komeo la ndani kwenye kila mlango wa choo. Majani yafyekwe hatua thelathini kuzunguka vyoo na stoo. Usafi wa jioni uhamie asubuhi. Zamu ya mwalimu ihusishe kupita nyuma ya majengo, maana mara nyingi mwalimu wa zamu hukaa kwenye kiti barazani akingoja muda uishe. Haya yote fundi wa kijijini na panga chache vinayamaliza.

Kisha weka kanuni nne kwa walimu na wafanyakazi wote, pamoja na mpishi na mlinzi. Mwanafunzi haendi nyumbani kwa mwalimu, iwe kuchota maji, kufua au kupeleka madaftari. Mazungumzo ya mwalimu na mwanafunzi mmoja hufanyika mlango ukiwa wazi. Hakuna tuisheni ya mtu mmoja. Na hakuna ujumbe wa simu wa siri kati ya mwalimu na mwanafunzi.

Nakuonya, kanuni hii ya kwanza italeta maneno. Wapo walimu waadilifu kabisa ambao wamezoea kusaidiwa maji na watasema wanavunjiwa heshima. Ndiyo maana ipelekwe kikaoni kabla ya lalamiko lolote kutokea, ili asiwepo anayehisi kidole kimeelekezwa kwake. Kila mmoja asaini. Kisha ibandikwe kwenye ubao wa matangazo kwa Kiswahili cha kawaida, wanafunzi waisome. Ikifungiwa kwenye faili la mkuu wa shule haimsaidii mtoto anayeitwa saa kumi na mbili jioni.

Hatua ya tatu: njia

Orodhesha wanafunzi kwa vitongoji wanavyotoka. Kila kitongoji kiwe na kundi, kila kundi liwe na kiongozi mwenye daftari dogo. Kengele ya mwisho ikilia, kundi huondoka pamoja. Mwalimu anayemzuia mtoto abaki kudeki darasa kwa adhabu, huku wenzake wametangulia, amemtengenezea hatari kwa mkono wake mwenyewe. Adhabu kama hizo zifanyike saa za mchana.

Tafuta watu wazima ambao tayari wapo njiani: mama wa maandazi, mwenye kioski, fundi. Kwenye njia panda yetu yupo mzee anayetengeneza baiskeli. Ana makopo mawili ya maziwa ya unga na vijiwe vidogo, kimoja kwa kila mtoto. Asubuhi kila mtoto wa kitongoji cha mbali akipita, kijiwe kinahama kutoka kopo la kwanza kwenda la pili. Jioni wanarudi, naye anavirudisha kimoja kimoja. Kijiwe kikibaki anampigia simu mwenyekiti wa kitongoji. Hajui kusoma vizuri, hana posho, na hajakosea hesabu hata siku moja tangu tumwombe. Tulimpa vocha ya muda wa maongezi na barua ya shukrani yenye mhuri wa shule, na barua ameigongomea ukutani.

Sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, nao wanafaa, ila kwa mipaka. Usukumani na Unyamwezini wamekuwepo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, walipoanza kupambana na wizi wa ng'ombe, na wanaijua kila njia ya kijiji. Tuliomba wapite njia ya mabani jioni, Februari na Machi, na wakakubali. Usiwape kazi ya kuhoji wala kuadhibu. Mtuhumiwa akishapigwa na kutozwa faini ya ng'ombe, kesi imekufa na mtoto hajapata chochote.

Kuhusu bodaboda, nenda kijiweni kwao wewe mwenyewe, kaa nao kwenye benchi, usiwahubirie. Wengi wana wadogo zao shuleni kwako. Mkubaliane kwamba lifti ya bure kwa mwanafunzi haipo, na kwamba mwenyekiti wa kijiwe atajulishwa jina la atakayevunja. Nanyi wazazi, mfundisheni mtoto kwamba anayempakia bure leo atamdai kesho.

Hatua ya nne: geto

Hapa ndipo pagumu kuliko pote. Shule za kata zimejengwa nyingi, lakini vijiji vyetu vimesambaa, na mtoto wa kilomita kumi na tano hupangishiwa chumba karibu na shule, ndilo geto lenyewe, akiwa na miaka 14. Mzazi huleta unga, mafuta na chumvi mwanzo wa mwezi, kisha anarudi shambani. Kiuhalisia mtoto huyu hana mtu mzima yeyote chumbani mwake, na kwa muda mwingi wa siku hakuna anayejua yuko wapi.

Fungua daftari la magheto. Andika jina la mwanafunzi, mwenye nyumba, jirani wa karibu, namba ya simu ya mzazi, na nani mwingine ana ufunguo. Swali la ufunguo limewahi kutufumbua macho: vyumba vingi vina kufuli ambayo funguo yake ya pili iko kwa mtoto wa kiume wa mwenye nyumba. Nunueni kufuli mpya.

Watembelee walau mara mbili kwa mwezi, mkiwa walimu wawili, mmoja wao mwanamke. Ukifika, usianze kukagua kitanda na nguo kama polisi. Salimia, kaa, uliza masomo, halafu tupa jicho kwenye kiroba cha unga. Kikiwa kimebaki chini na mwezi bado uko katikati, hapo ndipo pa kushika. Fataki, yaani mwanamume mzima anayewinda wanafunzi, hamtongozi mtoto kwa mapenzi. Humjia na chipsi, vocha na kilo mbili za mchele, siku ambayo kiroba kimeisha. Nimeona wasichana waliookolewa na debe moja la unga kutoka shuleni, nikaona na wavulana walioanza kuiba kwa njaa hiyohiyo. Panga na bodi kuwe na akiba ndogo ya chakula kwa ajili ya hawa, na chakula cha mchana shuleni kisimpite mtoto kwa sababu mzazi hajamaliza mchango.

Ikiwa shule yenu ina bweni au hosteli, mlango usifungwe kwa nje usiku, hata kwa dakika tano, na matroni alale humohumo. Mishumaa marufuku. Mwaka 1994 wasichana zaidi ya 40 walikufa kwa moto wa bweni Shauritanga, mkoani Kilimanjaro. Dirisha moja liwe na nondo zinazofunguka kwa ndani, na watoto wafanye zoezi la kutoka gizani kila muhula.

Hatua ya tano: fimbo

Kanuni za mwaka 2002 za adhabu ya viboko shuleni zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike, na viandikwe kwenye kitabu kwa jina na kosa. Muulize mwalimu yeyote kitabu hicho kiko wapi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya watoto wa nchi hii hupata ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18, na walimu wametajwa humo pamoja na wazazi.

Wengine wataendelea kubishana kama fimbo inafundisha. Mimi nasema hili tu: mtoto aliyechapwa na mkono wako Jumatatu hatakuletea siri yake Jumatano. Kwa hiyo mwalimu wa malezi asiguse fimbo kabisa, na wanafunzi watangaziwe hivyo mstarini. Kwetu mabadiliko yalianza hapo, na walimu watatu wengine waliiacha wenyewe bila kuambiwa.

Hatua ya sita: milango ya kusemea

Walimu wa unasihi wasichaguliwe na mkuu wa shule peke yake. Wape wanafunzi vikaratasi, kila mmoja aandike jina la mwanamke mmoja na mwanamume mmoja ambao angewaendea akiwa na shida. Majina yatakayojitokeza yanaweza kukushangaza. Kwetu alipata kura nyingi mtunza maktaba.

Sanduku la maoni lisikae mbele ya ofisi. Liweke mahali ambapo kila mtu hupita na hakuna anayeshangaa ukisimama, kama njia ya kisimani au ukuta wa maktaba. Liwe na kufuli mbili, funguo kwa watu wawili tofauti, lifunguliwe kila Ijumaa. Na kwa kuwa anayeonekana akitumbukiza karatasi ameshajitangaza, fanya hivi: mara moja kwa mwezi gawa vikaratasi kwa shule nzima, kila mtu aandike, asiye na jambo aandike "sina neno", wote watumbukize kwa foleni. Lugha yoyote inakubalika. Kuna mambo mtoto anayaweza kwa Kinyamwezi au Kisukuma tu.

Andika namba 116 ukutani, kwa rangi, kwenye kila choo na kila darasa. Ni huduma ya simu kwa mtoto, haihitaji salio.

Hatua ya saba: anaposema

Weka kalamu chini. Hili naliandika kwa sababu mimi sikuiweka.

Kaeni mahali mnapoonekana lakini hamsikiki, kwa mfano benchi chini ya mti mbali na madarasa. Kaa usawa wake, usisimame juu yake. Akianza kwa neno dogo, kama "siipendi ile njia" au "sitaki kwenda tena kwa mjomba," mrudishie neno lake kwa upole: "Huipendi ile njia. Niambie." Halafu nyamaza, hata akichukua muda mrefu.

Akishasema, mwambie mambo matatu. Asante kwa kuniambia. Kosa si lako. Nitawaambia wale tu wanaohitajika kusaidia, na nitakutajia ni akina nani. Usimwahidi kwamba itabaki siri, maana hutaweza, na siku utakayoivunja utakuwa umemuumiza mara ya pili. Usimuulize alivaa nini au alikwenda kufanya nini. Usimrudishe kusimulia upya kwa mkuu, kwa makamu, kwa matroni na kwa bodi. Andika maneno yake kama alivyoyasema, weka tarehe na saa, fungia.

Kama ni ukatili wa kingono, saa zinahesabika. Dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU inapaswa kuanza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Ya kuzuia mimba nayo haisubiri. Kwa hiyo hospitali au kituo cha afya ni siku hiyohiyo, hata kama ni Jumapili. Asioge kwanza. Nguo alizovaa ziwekwe kwenye bahasha ya khaki. Mfuko wa nailoni huharibu ushahidi. Mwalimu wa kike afuatane naye. Mwingine aende Dawati la Jinsia na Watoto la polisi kuchukua PF3, fomu ya polisi ya matibabu, na mwingine ampigie afisa ustawi wa jamii. Kazi hizi tatu zikifanywa na watu watatu kwa wakati mmoja, matibabu hayatakaa yakingoja fomu.

Mtuhumiwa asiitwe kukabiliana na mtoto ofisini. Akiwa ni mwalimu, taarifa iende kwa mkuu wa shule na polisi pamoja. Akiwa ni mkuu wa shule mwenyewe, mpite, nenda kwa afisa elimu na ustawi wa jamii. Akiwa ni mtu wa nyumbani, usiwe mwepesi wa kupiga simu nyumbani. Kwanza muulize mtoto ni nani wa familia anamwamini.

Kisha jioni watakuja wazee. Karibu kila mara wanakuja, wamevaa vizuri, wanaongea taratibu. Watakuambia mambo haya ni ya ukoo, kwamba ng'ombe wameshakubaliwa, kwamba binti atapata aibu. Wapokee kwa heshima zote, wape viti, waamkie. Halafu sema, "Wazee wangu, jambo hili limeshafika polisi, halipo tena mikononi mwangu." Ndiyo sababu ni lazima liwe limefika kabla ya magharibi. Sheria ya Elimu ilivyorekebishwa mwaka 2016 inampa miaka 30 jela anayempa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari, na vilevile anayemwoa. Anayesaidia ndoa hiyo naye ana kosa, faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo cha miaka 5. Usibishane na wazee kuhusu umri wa kuoa, maana Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ina mlango wa miaka 15 na wanaujua. Simama kwenye Sheria ya Elimu: huyu ni mwanafunzi.

Ndoa zenyewe zina msimu. Katika utafiti wa afya wa mwaka 2010, Tabora ilikuwa ya pili nchini baada ya Shinyanga: wanawake 58 kati ya kila 100 wenye miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya miaka 18. Tumbaku ikishauzwa, fedha ikaingia, posa huanza kutembea. Miezi hiyo soma rejista kila siku. Msichana aliyekosa siku tatu mfululizo bila taarifa, mtu aende kwao siku ya nne asubuhi.

Na waambie wasichana, mara nyingi, kwamba tangu Novemba 2021 aliyepata ujauzito anaruhusiwa kurudi shule. Wapo ambao bado wanaficha ubakaji kwa kuogopa kufukuzwa.

Hatua ya nane: siku anaporudi darasani

Usimtambulishe upya, usimhurumie mbele ya watu. Kabla hajafika, kaa na marafiki zake wawili aliowachagua mwenyewe, wamwekee kiti katikati yao. Mwalimu wa darasa aambiwe tu kwamba asimwite ubaoni wiki ya kwanza. Kesi ikiitwa mahakamani, shule impe mtu wa kufuatana naye na nauli, kila mara, hata ikiahirishwa mara sita, kwa sababu kesi nyingi hufa kwa kukosa nauli ya shahidi.

Mimi kila Ijumaa, kabla ya kufungua sanduku, hupitia majina ya watoto wa namna hii kwenye rejista. Nikiona vema tano, naendelea na sanduku. Nikiona nne, navaa viatu vya matope.